Sura ya Nne: Sauti na Njia Yake

Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1883, volkano ya Krakatoa, iliyokuwa kisiwani kati ya Java na Sumatra, ililipuka na kujipasua. Zaidi ya watu 36,000 walikufa, wengi wao wakichukuliwa na mawimbi makubwa ya bahari yaliyofuata. Upande wa pili wa Bahari ya Hindi, katika kisiwa cha Rodrigues mashariki ya Mauritius, mkuu wa polisi James Wallis aliandika kwamba milio kama ya mizinga mizito ilisikika kutoka upande wa mashariki. Kumbe haikuwa mizinga. Ilikuwa Krakatoa, na ilikuwa umbali wa takriban kilomita 4,800.

Sauti ikipita hewani huenda kilomita 1,200 hivi kwa saa. Kwa mwendo huo, mlio wa Krakatoa ulihitaji kama saa nne kuivuka bahari. Barometa za sehemu mbalimbali za dunia nazo zilionyesha kanieneo ya hewa ikipanda na kushuka ghafla, kisha ikarudia tena baada ya saa nyingi, kwa sababu wimbi lile liliizunguka dunia mara kadhaa kabla ya kufifia.

Kilichosafiri ni nini hasa? Si hewa ya Krakatoa, maana hakuna upepo unaoweza kutoka Indonesia na kufika Rodrigues kwa saa nne. Hewa ya Krakatoa ilibaki huko huko, na ya Rodrigues ilikuwa pale pale. Kilichovuka ni msukumo. Sura hii inaufuata msukumo huo kutoka kwenye chanzo mpaka ndani ya sikio, na hoja yake ni moja: mlio huzaliwa kwenye chanzo, lakini mwendo wake, mwelekeo wake na umbali utakaofika huamuliwa na njia unayopita.

Msukumo wa kupokezana

Weka vidole viwili kooni, funga midomo, uvume. Mtikisiko unaouhisi kwenye ncha za vidole ndio mwanzo wa kila sauti. Ngozi ya ngoma, uzi wa udi, ukuta wa kengele na karatasi ya spika, vyote haviwezi kulia bila kutetemeka. Ngozi ya ngoma ikijitokeza nje, huibana hewa iliyo mbele yake. Ikirudi ndani, hewa ile hulegea. Molekuli zilizobanwa huzisukuma jirani zake na kurudi mahali pake, na jirani hizo nazo huzisukuma zinazofuata.

Wafikirie watu waliobanana kwenye foleni ya kuchota maji. Wa nyuma kabisa akisukumwa, humgonga aliye mbele yake, kisha hujiweka sawa; huyo naye humgonga anayefuata, hadi aliyeinama bombani ayumbe na ndoo yake. Msukumo umeipita foleni nzima, lakini hakuna aliyepoteza nafasi. Wimbi la sauti huenda hivyo hivyo: hewa inabanwa na kulegea, inabanwa na kulegea, kuelekea kule kule linakokwenda wimbi lenyewe.

Mbano huo ni mdogo kuliko wengi wetu tunavyodhani. Usawa wa bahari, kanieneo ya hewa ni takriban paskali 101,000. Watu wawili wakizungumza kawaida, sauti zao huiongeza na kuipunguza kanieneo hiyo kwa paskali 0.02 hivi, yaani sehemu moja katika milioni tano. Na sauti ndogo kabisa ambayo sikio zima la kijana linaweza kuidaka huitikisa kanieneo kwa sehemu moja katika bilioni tano. Vifaa vichache sana vilivyotengenezwa na binadamu vinalingana na sikio kwa wepesi huo.

Idadi ya mitetemo katika sekunde moja huitwa marudio, na kipimo chake ni hezi. Marudio yakiwa mengi, sauti ni nyembamba. Yakiwa machache, sauti ni nene. Sikio la binadamu husikia kuanzia hezi 20 hadi 20,000 hivi, na ile nambari ya juu hupungua kadiri miaka inavyosonga. Mnamo mwaka 1636, padri Mfaransa Marin Mersenne alichapisha kanuni za uzi unaotetemeka: uufupishe nusu, marudio huwa maradufu; uukaze, marudio hupanda; uuchague mnene, marudio hushuka. Mpiga ala ya kanuni katika kundi la taarabu huzitumia zote tatu, maana nyuzi zake hupishana urefu na unene, na kila mmoja una kigingi cha kuukazia. Mpiga ngoma naye anayeipasha ngozi moto kabla ya kuanza anaikausha ili ikaze, na kwa hiyo ilie juu zaidi.

Pasipo kitu cha kubanwa, hapana sauti. Robert Boyle alilithibitisha jambo hili nchini Uingereza na kulichapisha mwaka 1660. Alining'iniza saa ndogo kwa uzi ndani ya chombo cha kioo, kisha akaanza kuifyonza hewa kwa pampu. Mdundo wa saa ulififia kidogo kidogo hadi usisikike, ilhali saa yenyewe ilikuwa ikiendelea kutembea. Mwezini, ambako hewa hakuna, wanaanga walisikilizana kwa redio tu. Kwenye sayari ya Mirihi hewa ipo, lakini ni nyembamba, ni baridi, na karibu yote ni kabonidayoksaidi. Maikrofoni za chombo cha Perseverance, kilichotua huko mwaka 2021, zilionyesha kwamba sauti huenda takriban mita 240 tu kwa sekunde. Njia tofauti, mwendo tofauti.

Kuupima mwendo

Hapa duniani, upimaji wa kale uliotumia akili na uvumilivu zaidi ni wa William Derham, kasisi wa Upminster, mashariki ya London. Alipanda mnara wa kanisa lake akiwa na darubini na pendulamu ya kuhesabia muda. Huko Blackheath, umbali wa takriban kilomita 20, mizinga ilifyatuliwa. Derham aliuona mmweko, akaanza kuhesabu, akasubiri mlio. Kwa kuwa mwanga huenda kilomita 300,000 kwa sekunde, mmweko ulimfikia papo hapo, na muda wote uliobaki ulikuwa wa sauti peke yake. Alirudia kazi hiyo katika hali mbalimbali za hewa, na katika matokeo aliyochapisha mwaka 1709 alionyesha kwamba upepo unaovuma kuelekea kwa msikilizaji huiharakisha sauti, na unaovuma kinyume chake huichelewesha.

Wakati huo tayari Isaac Newton alikuwa amekokotoa mwendo huo kwa hesabu tupu, katika kitabu chake cha mwaka 1687. Jibu lake lilikuwa pungufu kwa asilimia 15 hivi. Kosa lilikaa zaidi ya karne nzima, hadi Mfaransa Pierre-Simon Laplace alipolieleza mwaka 1816. Hewa ikibanwa hupata joto, kama anavyojua mtu yeyote aliyeshika pampu ya baiskeli baada ya kujaza tairi. Mibano ya sauti hupishana haraka mno, joto lile halipati muda wa kutoroka, na hewa yenye joto huurudisha msukumo kwa nguvu zaidi. Newton alidhani joto linatawanyika, halitawanyiki. Hesabu ilipotiwa marekebisho hayo, ikaafikiana na mizinga.

Leo tunajua kwamba hewa ikiwa na nyuzi sifuri za Selsiasi, sauti huenda mita 331 kwa sekunde, na kila nyuzi moja ikiongezeka, mwendo huongezeka kwa takriban mita 0.6. Kwa hiyo mchana wa nyuzi 30 jijini Dar es Salaam, sauti huenda kama mita 349 kwa sekunde. Kwenye kilele cha Uhuru, mlimani Kilimanjaro, kukiwa na nyuzi saba chini ya sifuri, huenda 327. Wengi wangesema ni kwa sababu hewa ya kileleni ni nyepesi. La. Uzito wa hewa hupungua huko juu, na kanieneo hupungua kwa kiasi hicho hicho, mambo mawili yanayofutana. Kinachobaki kuamua ni joto.

Ukubwa wa sauti hauongezi mwendo. Anayepiga kelele na anayenong'ona, maneno yao husafiri sawasawa. Sauti nene na nyembamba vilevile. Ndiyo maana bendi ya matarumbeta ikipiga mwisho wa uwanja, wimbo hukufikia ukiwa umepangika. Kama tarumbeta ingeitangulia ngoma njiani, aliye mbali angesikia vurugu tu.

Mwendo huu unakupa kipimo cha bure msimu wa mvua. Ukiona mmweko wa radi, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo, kisha gawanya kwa tatu. Jibu ni umbali wa radi kwa kilomita. Mkondo wa radi huichemsha hewa hadi takriban nyuzi 30,000 kwa kufumba na kufumbua. Hewa hiyo hutanuka kwa kishindo, na kishindo hicho ndicho ngurumo. Mmweko mmoja huweza kuwa na urefu wa kilomita kadhaa, kwa hiyo mlio wa sehemu iliyo karibu hutangulia na ule wa sehemu ya mbali hufuata, ndipo ngurumo ikaburura badala ya kukatika mara moja. Wakazi wa kando ya Ziwa Victoria, eneo mojawapo lenye radi nyingi zaidi duniani, wana nafasi nyingi za kufanya jaribio hili. Walifanye wakiwa ndani ya nyumba.

Majini na kwenye chuma

Usiku mmoja wa Novemba 1826, Jean-Daniel Colladon na Charles Sturm walitoka na mashua mbili kwenye Ziwa Geneva. Mashua ya kwanza ilikuwa na kengele iliyozamishwa majini. Nyundo ilipoigonga, baruti iliwaka juu ya maji wakati ule ule. Katika mashua ya pili, zaidi ya kilomita 13 kutoka pale, Colladon alikuwa ameliweka sikio kwenye bomba refu lililotumbukizwa ziwani. Aliona mwanga, akabonyeza saa, akasikia kengele baada ya sekunde tisa na ushei. Hesabu ikatoa mita 1,435 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wa hewani. Katika chuma cha pua, sauti huenda mita 5,000 hadi 6,000 kwa sekunde.

Mtu huweza kudhani kwamba kitu kizito lazima kiicheleweshe sauti. Uzito kweli huichelewesha, lakini ukaidi wa kitu huiharakisha, na ukaidi ndio unaoshinda. Maji ni mazito kuliko hewa karibu mara 800, ila kuyabana ni kazi kubwa zaidi kuliko kuibana hewa kwa maelfu ya mara. Kitu kinachokataa kubanwa hupokea msukumo na kuutoa upesi.

Ukaidi huo wa maji una matokeo machungu katika pwani yetu. Mvuvi haramu anapotupa baruti baharini, samaki hawauawi na moto. Wimbi la mbano hupita ndani ya miili yao, ambayo ni maji kwa sehemu kubwa, bila kizuizi, hadi likutane na kifuko cha hewa kinachomsaidia samaki kuelea. Hewa hubanika, kifuko hupasuka. Wimbi hilo hilo huivunja miamba ya matumbawe na kuwaua samaki wadogo ambao hakuna atakayewavua. Lakini maji yanayolisafirisha wimbi hilo kwa wepesi hayafichi siri: watafiti wameshusha maikrofoni za majini katika pwani ya Tanzania na kuinasa milipuko iliyotokea mbali na macho ya watu.

Mpiga mbizi aliyesikia mlipuko hawezi kukuambia umetokea upande gani, na sababu ni njia ile ile. Hewani, tunaujua upande wa sauti kwa kuwa huliwahi sikio moja kabla ya jingine, tofauti isiyozidi sehemu saba za elfu kumi za sekunde. Majini tofauti hiyo hugawanyika kwa zaidi ya nne, na ubongo, uliozoea hewa, huchanganyikiwa.

Bahari kuu ina njia yake maalumu. Kuteremka chini, maji hupoa na sauti hupunguza mwendo; kuteremka zaidi, uzito wa maji ya juu huanza kuuongeza tena. Katika bahari za joto, mahali penye mwendo mdogo kuliko pote ni kina cha mita 1,000 hivi, na sauti iliyoingia hapo hupindishwa na kurudishwa katikati kila inapojaribu kutoka. Haipotezi nguvu kwa kugonga sakafu wala uso wa bahari. Mwaka 1944 Mmarekani Maurice Ewing alilithibitisha hilo kwa kulipua baruti na kuisikiliza ikiwa mbali. Mwaka 1991, kundi lililoongozwa na Walter Munk lilishusha spika kubwa baharini karibu na kisiwa cha Heard, kusini kabisa mwa Bahari ya Hindi, na mlio wake wa hezi 57 ulinaswa hadi kwenye pwani za Marekani.

Sauti hupinda

Mambo ya bahari kuu hutokea pia juu ya vichwa vyetu, kila siku. Mchana, jua huichoma ardhi, na hewa iliyo karibu nayo huwa na joto kuliko ya juu. Sauti huenda upesi chini na polepole juu, kwa hiyo wimbi hujipinda kuelekea angani. Aliye mbali hubaki kwenye kivuli cha sauti: mlio umempita juu. Usiku usio na mawingu mambo hugeuka. Ardhi hupoa, hewa ya chini hupoa nayo, na wimbi hupinda kurudi ardhini, tena na tena. Adhana ya alfajiri huenda mbali kuliko ya adhuhuri kwa spika ile ile. Utulivu wa mji unachangia, naam, lakini hata kelele za mji zingekuwa sawa, hewa ya alfajiri ingeipa adhana njia bora.

Upepo nao hupindisha. Chini, miti na nyumba huupunguza; juu huvuma kwa nguvu zaidi. Sauti inayokwenda na upepo hubonyezwa kuelekea ardhini, na inayokwenda kinyume huinuliwa. Anayeita mtu dhidi ya upepo hasikiki vizuri, na sababu kubwa ni kwamba mwito wake umepandishwa juu ya kichwa cha anayeitwa, si kwamba umerudishwa nyuma.

Tembo wameishi na sheria hizi muda mrefu kuliko sisi. Mwaka 1984, Katy Payne, mtafiti Mmarekani aliyekuwa amechunguza nyimbo za nyangumi, alikuwa katika bustani ya wanyama ya Portland, Marekani, akahisi hewa ikitetemeka karibu na tembo ingawa hakusikia kitu. Alipozichunguza kanda alizorekodi, alikuta miito iliyo chini ya uwezo wa sikio la binadamu. Baadaye alifanya kazi Amboseli, Kenya, pamoja na Joyce Poole, aliyewajua tembo wa huko mmoja mmoja, na ikadhihirika kwamba miito hiyo ndiyo inayowaunganisha jamaa waliotawanyika kilomita kadhaa. Utafiti wa hali ya hewa wa mbuga ya Etosha, Namibia, ulionyesha kwamba jioni, ardhi inapopoa na upepo kutulia, mwito mkali wa tembo huweza kufika kilomita 10 hivi, na eneo unamosikika hupanuka hadi mara kumi ya lile la mchana. Saa chache baada ya jua kuzama ni saa za mazungumzo marefu nyikani.

Kwa nini tembo hutumia besi nzito hivyo? Kila umbali unapokuwa maradufu, sauti hutawanyika kwenye eneo kubwa mara nne na nguvu yake hugawanyika kwa nne. Zaidi ya hapo, hewa humeza sauti nyembamba upesi, ilhali nene huiacha ipite; majani na kuta hufanya vivyo hivyo. Kukiwa na harusi mtaa wa tatu, unachokisikia kitandani ni mdundo wa besi bila maneno ya mwimbaji. Mlipuko wa Krakatoa ulikuwa na nguvu zisizo na mfano, lakini uliobebwa hadi Rodrigues ni unene wa mlio wake: ule uliofanana na mizinga.

Watu wa Mto Kongo waliijenga posta juu ya sheria hizi. Walokele wa karibu na Kisangani walichonga ngoma ya gogo lenye mpasuko, midomo yake miwili ikiwa na unene tofauti, mmoja ukilia juu na mwingine chini. Lugha yao hupanda na kushuka, kwa hiyo milio miwili ilitosha kubeba usemi. John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyeishi Yakusu na kujifunza kupiga, aliieleza sanaa hiyo katika kitabu cha mwaka 1949. Alionyesha kwamba maneno mengi hulingana kwa kupanda na kushuka, ndiyo maana mpigaji hasemi neno peke yake bali hulizungushia sifa ndefu mpaka shaka iishe. Ngoma moja ilisikika kilomita kadhaa, kijiji kilichosikia kikaipokea na kuipeleka mbele. Mto wenyewe ulisaidia: hewa ya juu ya maji, iliyo baridi kuliko ya nchi kavu wakati wa jua, huishikilia sauti chini isipotelee angani.

Ukumbi unaojibu

Sauti ikikutana na ukuta, sehemu yake humezwa na sehemu hurudi. Ukuta ukiwa zaidi ya mita 17 kutoka kwako, sauti hurudi baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde au zaidi, na sikio huisikia peke yake: huo ndio mwangwi. Ukuta ukiwa karibu zaidi, marejeo hujichanganya na sauti ya kwanza. Kidogo huipa sauti uhai. Kikizidi huwa uvumi.

Chuo Kikuu cha Harvard kilipata tabu hiyo mwaka 1895, kilipofungua ukumbi mpya wa mihadhara ambamo neno moja lilivuma kwa zaidi ya sekunde tano. Mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine, alipewa kazi ya kuutibu. Usiku, mji ukiwa umelala, alihamisha matakia ya viti kutoka ukumbi mwingine wa chuo, akayapanga, akalipiga bomba la kinanda na kupima kwa saa muda ambao mlio ulichukua kuzimika. Alitoka na kanuni inayotumika hadi leo: muda wa uvumi kwa sekunde ni 0.16 mara ujazo wa ukumbi kwa mita za ujazo, gawanya kwa eneo linalomeza sauti. Mita moja ya mraba ya dirisha lililo wazi huhesabiwa kuwa inameza yote, na vitu vingine hupimwa kwa kulinganishwa nayo.

Tuijaribu. Chukua ukumbi wa mita 20 kwa 15, wenye kimo cha mita 6, sakafu ya vigae, kuta za plasta, dari ya zege. Ujazo wake ni mita 1,800 za ujazo. Nyuso zake zote ni takriban mita 1,020 za mraba, lakini nyuso ngumu kama hizi humeza kama asilimia 4 tu, sawa na dirisha la mita 41 za mraba. Jibu ni sekunde saba: hapo mahubiri hayasikiki. Ingiza watu 200. Kila mtu, kwa nguo zake na mwili wake, humeza karibu nusu mita ya mraba, na uvumi hushuka hadi sekunde mbili na kidogo. Hii ndiyo sababu fundi mitambo hulalamika anapojaribu maikrofoni ukumbi ukiwa mtupu, na siku ya shughuli mambo yakawa nafuu.

Kanuni ya Sabine ina jambo la pili ambalo kamati nyingi za ujenzi hazijalisikia: ukubwa wa sauti haumo kabisa. Kuongeza spika katika ukumbi unaovuma kunaongeza neno na kunaongeza uvumi wake kwa kiwango kile kile. Mazulia, mapazia mazito, dari laini na madirisha ya kufunguliwa hugharimu chini ya mitambo mipya na hufanya kazi ambayo mitambo haiwezi.

Sentimita za mwisho

Safari huishia sikioni. Wimbi hutetemesha kiwambo cha sikio. Vifupa vitatu, nyundo, fuawe na kikuku, huupokea mtetemo na kuukusanya kwenye kidirisha kidogo zaidi ili uweze kuingia katika maji ya sikio la ndani. Humo, katika mrija uliojizungusha kama konokono, kuna seli zenye vinywele, kama 15,000 kwa kila sikio. Zilizo mwanzoni huitikia sauti nyembamba, zilizo ndani kabisa huitikia nene, na kila moja hugeuza mtikisiko kuwa ishara ya umeme kwa ubongo.

Nguvu ya sauti hupimwa kwa desibeli, na kipimo hiki huwadanganya wasiokijua. Kila desibeli 10 zikiongezeka, nguvu huongezeka mara kumi. Mazungumzo ni kama desibeli 60. Desibeli 90 si mara moja na nusu ya hapo bali ni mara elfu. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inashauri mtu asikae kwenye desibeli 85 kwa zaidi ya saa nane kwa siku, na kila desibeli tatu zikiongezeka muda upunguzwe nusu. Desibeli 88 ni saa nne. Desibeli 94 ni saa moja. Desibeli 100, kiwango ambacho spika za sherehe hukifikia bila shida, ni dakika 15.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba vijana zaidi ya bilioni moja, wenye umri wa miaka 12 hadi 35, wako katika hatari ya kupoteza usikivu kwa sababu ya muziki mkubwa. Kwa watumiaji wa simu, shirika hilo linashauri sauti isizidi asilimia 60 ya uwezo wa kifaa. Ushauri huu una msingi mmoja wa kibiolojia: seli za vinywele zikifa, mwili wa binadamu hauoti nyingine.

Hatuwezi kulipanga joto la hewa ya jioni wala kina cha bahari, lakini kipande hiki cha mwisho cha njia kiko mikononi mwetu. Kaa mbali na spika, kwa maana umbali ukiwa maradufu nguvu hubaki robo. Ukifanya kazi penye mashine ya kusaga, karakana au jenereta, vaa vizibo vya masikio na umdai mwajiri wako avitoe. Wazazi, punguzeni sauti za vipokea sauti vya watoto kabla hawajazoea kuzipandisha. Na mara masikio yakianza kulia baada ya shughuli, ichukue hiyo kuwa onyo, usisubiri la pili.